Mlio wa Nyuki Uliopotea Kwenye Trekta la Mjomba

Tulipokuwa watoto, trekta la Mjomba likizimwa jioni sisi hatukukimbilia usukani. Tulikimbilia ubavuni mwa injini. Pale palikuwa na kitu cha chuma chenye umbo la chungu kilichofunikwa, na injini ikishanyamaza, ndani ya chungu kile nyuki waliendelea kulia. Mlio unapungua, unapungua, halafu kimya. Tulishindana kuhesabu kwa sauti, na aliyepatia namba ndiye aliyepanda kwenye madigadi kesho yake.

Nilikuwa fundi mwenye gereji yangu hapa Nachingwea, mkoani Lindi, kwa miaka kadhaa kabla sijaelewa kwamba mlio ule ulikuwa kipimo. Siku ulipopotea, injini ilikuwa imeshaanza kufa, na hakuna mtu aliyesikia. Mimi mwenyewe sikusikia.

Trekta lenyewe ni Belarus, MTZ-80, la kutoka Minsk. Injini yake ni D-240, silinda nne, lita 4.75, nguvu za farasi themanini hivi. Mjomba alilinunua likiwa tayari limetumika sana, na ndilo lililosomesha nusu ya ukoo. Sisi Wamwera kwa desturi ya zamani tunafuata upande wa mama, kwa hiyo mali ya mjomba mpwa haitazami kama mgeni. Nimekua nikijua kwamba lile trekta likifa, swali la kwanza nitaulizwa mimi.

Novemba 2016 Mjomba alinipigia simu akiwa shambani. Hakusalimia vizuri, jambo ambalo si kawaida yake. Alisema, "Mpwa wangu, mshale umelala."

Nilipofika nikaona. Asubuhi oili ikiwa baridi, geji ya presha ilisimama kilo tatu kwa sentimita mraba, unaona raha. Baada ya saa moja ya kuvuta plau, ikashuka hadi kilo moja. Akipunguza mafuta ili ageuze mwisho wa mtaro, mshale uligusa sifuri kabisa. Injini hii ikiwa moto na inafanya kazi, inatakiwa isome kilo mbili hadi tatu, na hata ikiguruma polepole bila mzigo isishuke chini ya 0.8. Na daftari la Mjomba lilikuwa limejaa: watu wa ufuta, watu wa karanga, watu wa mbaazi, wote wanataka kulimiwa kabla mvua haijashika. Kwetu huku mvua ni msimu mmoja. Ukiukosa, umekosa mwaka.

Kitu kimoja nilikifanya sawa: nilianza na geji. Nilifunga nyingine niliyoiazima kwenye trekta la jirani, mshale ukalala vilevile. Baada ya hapo nilikosea mfululizo kwa wiki nzima, na nataka kueleza makosa hayo kwa urefu kwa sababu naona vijana gerejini wakiyarudia kila msimu.

Kwanza niliweka oili nzito zaidi. Mshale wa asubuhi ukapanda hadi karibu kilo nne, Mjomba akafurahi, na saa nne tulikuwa palepale. Oili nzito ikishapata moto wa kazi nayo inalegea. Tena asubuhi inachelewa kufika juu kwenye roka za vali, kwa hiyo nilikuwa nimeongeza madhara.

Kisha nikafuata ushauri wa kukaza springi. Kwenye injini hii kuna vali inayomwaga oili irudi chini presha ikizidi, na inashikiliwa na springi. Niliongeza washa nyuma ya springi ili iwe ngumu kufunguka. Asubuhi mshale ukaruka, mchana ukalala. Laiti ningetulia nikafikiri, ningeona kwamba injini ikiwa moto presha haikuwa inafika hata kwenye kiwango cha kuisukuma vali ile. Ilikuwa imejifunga yenyewe muda wote. Nilikuwa naongeza kufuli kwenye mlango ambao hakuna anayepita.

Kosa la tatu ndilo lililouma, kwa sababu liliingia mfukoni mwa Mjomba. Nilisema: presha inapotea kwenye metali, vile vipande vyembamba vya beringi ambamo kranki, mhimili mkuu wa injini, inazunguka. Metali za konrodi na za kranki zikilika, oili inavuja pembeni, presha inashuka. Hilo ni kweli. Ila mimi sikupima. Nilishusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, nikafungua, nikaona mistari kidogo kwenye metali, nikamwambia Mjomba zimekwisha. Akauza magunia ya mbaazi aliyokuwa ameyaweka kungojea bei, tukaagiza seti nzima. Wakati huohuo pampu ya oili ilikuwa mikononi mwangu. Kwenye D-240 pampu imefungwa kwenye kifuniko cha beringi ya kwanza ya kranki, na inazungushwa na gia iliyo kwenye kranki yenyewe, kwa hiyo sampu ikishuka unaiona uso kwa uso. Niliifungua, nikaifuta kwa kitambaa, nikaona gia zinang'aa, meno yote mazima, nikairudisha. Sampu nikaifunga kwa gundi ya silikoni, nyingi, ili isivuje.

Mshale, oili ikiwa moto: kilo moja na nukta mbili. Metali mpya zimeongeza nukta mbili.

Kuna mzee mmoja tunamheshimu sana mafundi wa hapa. Anaishi karibu na lilipopita tuta la reli ya zamani, ile ya kutoka Mtwara iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza. Mradi ulianza 1947 na kufikia 1951 ulikuwa umekufa, reli nayo ikang'olewa baadaye. Lakini baba yake yule mzee aliingia kwenye mradi akiwa kijana wa kubeba spana, akatoka akiwa fundi, na mwanawe akafundishwa na baba. Kwa hiyo Nachingwea kuna ufundi wa matrekta ulioachwa na mradi ule kama vile maji yanavyoacha mchanga. Nilikwenda kwake jioni, nimechoka, na metali za zamani zimefungwa kwenye gazeti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Hizo nini?"

Akazifungua, akazisogeza kwenye mwanga, akapitisha ukucha. Alikaa nazo muda. Kisha akasema taratibu kwamba metali zile zilikuwa bado na kazi ya misimu kadhaa. Sikujua niangalie wapi.

"Pampu umepima?"

"Niliiangalia, Mzee. Gia nzima."

"Mwanangu, sikuuliza kama umeiangalia."

Kesho yake tulishusha sampu tena. Kabla hata ya kugusa pampu, Mzee alichungulia chujio la wavu ambalo pampu inanyonyea, akaniita. Nyuzi za silikoni yangu zilikuwa zimenasa pale kama funza. Gundi iliyozidi pembeni mwa sampu ilikuwa imejikunja kwa ndani, ikakatika, ikasafiri hadi kwenye wavu. Kwa siku chache tu ilikuwa imeziba karibu robo yake. Tangu siku ile sampu naifunga kwa gasketi ya karatasi, na gundi nikiitumia ni utando mwembamba wa kuona kwa shida.

Tukaitoa pampu, tukaifungulia juu ya gunia lililofuliwa.

Kwa asiyewahi kuiona: ni nyumba ya chuma cha kumiminwa yenye gia mbili zinazong'atana ndani yake. Moja inazungushwa na injini, ya pili inafuata. Wengi wanadhani oili inapita katikati, pale meno yanapokutana. Hapana. Pale katikati meno yanafunga njia. Oili inabebwa kwa nje, kwenye vijibonde vilivyo kati ya jino na jino, ikikumbatia ukuta wa nyumba, kutoka upande wa kunyonya hadi upande wa kusukuma. Kwa hiyo kinachoizuia isirudi ilikotoka ni ukaribu tu: ncha za meno zikaribiane na ukuta, nyuso za gia zikaribiane na kifuniko. Hakuna raba wala sili hapo, oili imezuiwa na wembamba wa nafasi.

Mzee alinipa kifuniko akaniambia nipitishe ukucha. Kulikuwa na duara mbili zilizogusana, kama namba nane iliyolala, ambazo nyuso za gia zilikuwa zimezichimba. Ukucha ulishuka kwenye ukingo wake. Mimi duara zile nilikuwa nimeziona wiki iliyopita, na nilidhani ni alama tu, kama sufuria inavyoacha alama mezani.

Tukapima. Hakuwa na vifaa vingi, alikuwa na fila geji ya zamani, maikromita aliyoitunza kwenye soksi, na kipande cha waya wa risasi wa kuchomelea redio. Aliuponda waya kidogo kwa nyundo ukawa mwembamba, akakata vipande vinne vifupi, akavilaza juu ya nyuso za gia kwa grisi, akarudisha kifuniko na kukaza bolti zote sawasawa. Akafungua tena. Risasi ilikuwa imebanwa hadi unene wa nafasi yenyewe. Tukaipima kwa maikromita: milimita 0.24 mahali pabaya zaidi, 0.21 mahali pengine. Mzee alitaka isizidi 0.10, na alipenda zaidi 0.08.

Unywele wa mtu ni kama milimita 0.07. Maana yake ni kwamba pampu nzima inatakiwa iwe na nafasi ya unywele mmoja, na ya Mjomba ilikuwa na nafasi ya nywele tatu. Nilimwambia Mzee, kwa kweli nilibisha, kwamba tofauti hiyo ni ndogo mno kuangusha trekta. Alisema tu, "Utaona." Hesabu yake niliipata baadaye kwa kusoma: oili inayovuja kupitia upenyo mwembamba haiongezeki sambamba na upenyo. Inaongezeka kwa upenyo mara upenyo mara upenyo. Nafasi ikiwa mara mbili, uvujaji ni mara nane. Ikiwa mara tatu, ni mara ishirini na saba. Na oili ikipata moto inakuwa nyepesi, uvujaji unaongezeka tena juu ya hapo. Ndiyo maana asubuhi geji ilinidanganya. Oili baridi ni nzito, inajiziba yenyewe kwenye nafasi mbovu. Oili ya moto ndiyo inayosema kweli, na mtu anayepima presha asubuhi tu hajapima kitu.

Palikuwa na ubovu mwingine ndani ya nyumba. Mzee alinionyesha kwamba ukuta umelika upande mmoja tu, ule wa kunyonya. Nilidhani ungelika upande wenye presha. Lakini presha iliyo upande wa kusukuma ndiyo inayozisukuma gia zote mbili kuelekea upande wa pili, na bushi, yale mapete ambamo shafti inazunguka, zikishapata ulegevu, gia zinaegemea ukuta ule na kuukwangua. Bushi zilikuwa zimelika kweli, shafti ilicheza ukiitikisa kwa vidole.

Nikauliza kwa nini tusiagize pampu mpya. Tuliuliza kwa simu Dar es Salaam, tukaambiwa wiki tatu. Wingu lilikuwa limeshaanza kukusanyika kila alasiri. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kivuli cha mwembe akitusikiliza, hakusema neno, lakini daftari lilikuwa mkononi.

Nilitaka kuanza na kifuniko mara moja. Mzee akanizuia: bushi kwanza. Shafti ikiwa na ulegevu gia inakaa upande, na gia iliyokaa upande itakichimba kifuniko kipya ulichokinyoosha jana. Nikapanda gari kwenda Masasi, kwa kijana mmoja mwenye mashine ya kukereza vyuma. Alipima shafti kwanza, akaona imelika kidogo sana, akaisafisha, kisha akakereza bushi za bronzi kufuata kipenyo cha shafti hiyo na siyo kipenyo cha kitabu. Alizisindilia, akazipitishia rima, kifaa cha kupanua tundu kidogokidogo, hadi shafti ikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba na ikazunguka bila kuyumba. Ilimchukua mchana mmoja. Malipo yake yote hayakufika hata robo ya bei ya zile metali.

Kisha ikaja kazi ya kioo, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda hadi leo.

Unatafuta kipande cha kioo kinene cha dirisha, kikubwa kuliko kifuniko mara tatu au nne, unakilaza juu ya meza iliyonyooka na kitambaa cha maji chini yake kisiteleze. Kioo kimenyooka kuliko ubao na bati lolote ulilo nalo gerejini. Juu yake unabandika msasa wa maji namba 240, unamwagia mafuta ya taa. Kabla ya kuanza, Mzee alichora kifuniko chote kwa kalamu ya risasi, mistari ya kukatizana kama wavu wa samaki. Halafu unakilaza kifuniko kifudifudi na kukisugua kwa kuandika namba nane, polepole, bila kukikandamiza. Baada ya mizunguko ishirini unageuza na kutazama. Mistari iliyofutika ni mahali palipoinuka. Mistari iliyobaki ni bonde. Unachora tena, unageuza kifuniko robo mzunguko ili mkono wako usiegemee upande mmoja, unaendelea.

Nilidhani itachukua saa moja. Ilichukua siku moja na nusu. Bonde lilikuwa kama milimita 0.13, na chuma cha kumiminwa hakina haraka. Mabega yaliuma, vidole vilipasuka kwa mafuta ya taa. Mara mbili nilimwambia Mzee kwamba imetosha, na mara mbili alichukua kalamu yake akachora, akasugua mara kumi, akanionyesha mistari iliyobaki katikati ya duara. Hakunikaripia, alikuwa ananionyesha kalamu tu. Baada ya 240 tukaenda 400, kisha 600, hadi uso ukawa wa kijivu kimoja, kama anga la Januari, bila alama ya nane.

Tukapima kwa risasi: 0.11. Tulikuwa karibu sana. Mzee akasema tuguse nyumba yenyewe kidogo, uso ule unaokutana na kifuniko, ili kupunguza tena milimita 0.02 au 0.03 tu. Halafu akaitwa msikitini, ilikuwa Ijumaa. Aliniambia nisugue mara kumi, nipime, nisugue mara kumi, nipime.

Nilisugua mara kumi, nikapima, ikashuka kidogo sana. Nikaona kupima kunanichelewesha. Nikasugua mara mia kadhaa kwa mkupuo.

Aliporudi, pampu ilikuwa imefungwa na shafti haizunguki kwa mkono. Nafasi ilikuwa imebaki 0.02. Chuma kikipata moto kinavimba, na pampu ile ingekwama ndani ya injini, ikakata meno ya gia ya kranki siku ya kwanza. Chuma ukishakiondoa hakirudi. Nilikuwa na hofu ya kweli, kwa sababu sasa hata pampu mbovu hatukuwa nayo.

Mzee alikaa chini, akafikiri, akamwomba mjukuu wake daftari la shule. Alipima karatasi moja kwa maikromita: 0.07. Akakata gasketi kutoka kwenye karatasi ile kwa kuigonga taratibu na kinyundo kwenye kingo za nyumba, akailoweka kwenye oili, akaibandika, akakaza kifuniko. Tukapima kwa risasi mahali pane: 0.08, 0.08, 0.09, 0.08. Shafti ikazunguka laini, nzito kidogo, kama kukoroga asali. Karatasi ya daftari la mtoto wa darasa la nne ilikuwa imeokoa pampu ya Minsk. Mpaka leo sijasugua tena chuma kwa mkupuo bila kupima.

Ule ukuta uliolika upande wa kunyonya hatukuwa na namna ya kuurudisha. Nilitaka tunyamaze. Mzee alimwita Mjomba, akamwonyesha kwa kidole, akamwambia wazi: bushi mpya zimezirudisha gia katikati, lakini hapa pamebaki bonde, na pampu hii haitakuwa mpya kamwe. Ukiuza mazao, agiza nyingine nzima uiweke ndani, usingoje hii ikufie. Mjomba alishukuru. Niliona kwamba aliushika mkono wa Mzee kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuushika wangu tangu kazi ianze, na nilielewa sababu.

Kabla ya kuirudisha tuliijaribu kwenye ndoo. Pampu imezama kwenye oili, mimi nazungusha shafti kwa mkono, Mzee ameziba tundu la kutolea kwa kidole gumba. Nusu mzunguko tu, oili ikamtoroka pembeni mwa kidole kwa nguvu, akacheka. Pampu haitengenezi presha, alinieleza pale pale. Pampu inasukuma oili tu. Presha inatokea pale oili inapozuiwa, kama mpira wa maji unapoubana mdomo. Kwa hiyo mshale ukilala kuna mambo mawili, ama kinachosukumwa ni kidogo, ama kinachozuia kimelegea. Mimi nilirukia la pili bila kulipima la kwanza.

Halafu akanyoosha mkono kwenye kile chungu cha chuma ubavuni mwa injini. "Huku umewahi kufungua?"

Sikuwahi. Hii injini haina filta ya karatasi kama magari madogo. Ina ngoma ndani ya kile chungu, inayozungushwa na presha ya oili yenyewe kwa kasi kubwa sana, maelfu ya mizunguko kwa dakika. Uchafu unatupwa ukutani mwa ngoma na kuganda pale, oili safi inaendelea na safari. Ule mlio wa nyuki tuliohesabu utotoni ni ngoma ikimalizia mizunguko yake baada ya injini kuzimwa. Tulipoifungua, ukuta ulikuwa na ganda jeusi, gumu, nene kuliko biskuti. Tulilikwangua kwa kijiti cha mwanzi, siyo bisibisi, ili tusijeruhi ngoma, na tukairudisha kwa kufuata alama zake, kwa sababu ikiyumba inaharibu mhimili wake.

Hapo ndipo mambo yote yaliungana kichwani mwangu. Pampu ilipoanza kulika, presha ilipungua. Presha ilipopungua, ngoma ilizunguka polepole. Ngoma iliyo polepole haichuji, kwa hiyo vumbi jekundu la Nachingwea lilibaki ndani ya oili na kurudi kwenye pampu kama msasa wa 240. Pampu ikalika zaidi. Mduara ule ulikuwa umezunguka kwa misimu mingi, na ungeweza kukatwa mapema na mtu yeyote aliyesimama kimya sekunde thelathini baada ya kuzima. Nilimuuliza Mjomba lini mara ya mwisho alisikia nyuki. Alifikiri sana. "Tangu mama yako yu hai," akasema. Mama alifariki 2012.

Tulipofunga, tuliijaza pampu oili kwanza kupitia tundu lake, maana ikiwa kavu inaweza kuzunguka tu bila kunyonya. Bomba la kunyonyea tuliliwekea sili mpya, kwa sababu hata tundu dogo upande ule linavuta hewa na oili inatoka povu. Washa niliyoiongeza kwenye springi niliitoa mwenyewe. Oili mpya ya uzito wake wa kawaida. Tukakata dizeli ili injini isiwake, nikapiga stata kwa vipindi vifupi, macho yote kwenye geji. Kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu mshale ukatikisika, ukainuka, ukasimama kwenye moja na nusu, kwa stata peke yake. Mjomba alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti ndogo.

Tukaliwasha, tukalipeleka shambani siku hiyohiyo, plau chini, saa mbili mfululizo kwenye jua. Geji, moto kabisa: kilo mbili na nukta tatu. Likiguruma bila mzigo: kilo moja na nukta moja. Mvua ya kwanza ilinyesha siku nne baadaye, na kwenye daftari yalikuwa yamebaki majina sita tu.

Pampu mpya Mjomba aliinunua Julai iliyofuata, baada ya kuuza ufuta. Ile ya karatasi ya daftari ipo kwenye rafu yangu, na kijana yeyote anayekuja kujifunza gerejini anaifungua na kuipima kabla sijamgusisha injini ya mtu.

Siku ile ya kwanza shambani, jua likizama, Mjomba alizima injini akanyoosha mkono juu ili vibarua wanyamaze. Wakanyamaza, ingawa hawakujua kwa nini. Mlio ukaja kutoka ubavuni, mwembamba, wa juu, ukaanza kushuka taratibu. Nilijikuta nahesabu, na nikasikia na yeye anahesabu, kwa Kimwera, chini chini. Ulipokatika alinigeukia.

"Arobaini na tisa, mpwa wangu."

Mimi nilikuwa nimepata hamsini na moja.

"Basi kesho panda kwenye madigadi," akasema, akashuka kwenda kufungua plau.